Njia ya Makaburini

"Mmwera wa bandarini, yule aliyeangukiwa na magogo?" aliuliza mwanamke aliyekuwa akiokota chaza. "Yupo kwetu. Nifuateni."

Zaina na mama mkwe wake walikuwa wametoka Malolo kumtafuta mume wa Zaina, aliyekwenda Mtwara kujenga bandari na habari zake zikakatika. Tangu asubuhi walifuata ufuko kijiji hadi kijiji, bahari ikimeta ubavuni mwao, wala hawakuwa na moyo wa kuitazama.

Sasa njia iliacha mchanga ikaelekea makaburini.

Mama mkwe akakaa chini palepale, miguu ndani ya maji. "Mimi sifiki kule, mwanangu. Nenda ukatazame wewe."

Zaina alimfuata yule mwanamke. Palikuwa na kaburi moja jipya, udongo wake bado mbichi, alama za viganja vya watu zikionekana juu yake. Alingoja mwenyeji wake asimame hapo. Hakusimama. Alilipita, akaingia kwenye ua wa makuti.

Ndani, mume wake alikuwa amekaa mkekani, mguu umefungwa vijiti, akimfokea kuku kwa Kimwera.

Zaina hata hakumsalimu. Aligeuka akarudi mbio. Mama mkwe alipomwona anakuja vile, aliweka mikono kichwani.

"Yu mzima, mama!" Zaina alipaza sauti, lakini mawimbi yaliyameza maneno.

Zaina akasimama, akavuta pumzi hadi kifua kikajaa, akapiga vigelegele.