Kalibu ya Mbao

Fundi ngozi alikata nyuzi zilizofunga ala ya bastola ya mdogo wake, mlinzi wa duka la dhahabu.

"Dada, bosi kasema ifunguliwe siku ya hatari tu. Pima kwa juu."

"Nikipima kwa juu ala mpya itapwaya. Ngozi iliyolowa nailaza juu ya bastola yenyewe. Hebu itoe, uhakikishe haina risasi."

Mlinzi aliichomoa. Ikatoka nyepesi kama mwiko. Uzito wote ulibaki ndani ya ala, kipande cha chuma kilichoshonewa chini.

Dada aliikwaruza kwa ukucha. Chini ya rangi nyeusi palikuwa na mbao.

Akachukua rafuni kalibu yake, umbo la bastola la mbao analokandia ngozi. Zilifanana kama mapacha.

"Miaka miwili nakuombea kila alfajiri," alisema, "kumbe yule mtu kakusimamisha mbele ya majambazi na kalibu ya fundi!"

Mlinzi alichukua simu. Akampigia mwenzake wa zamu.

"Uko mlangoni? Toka hapo. Toka kwanza, bwana, maswali baadaye!"