Picha Bila Sauti

“Sauti uizime,” Mado alisema.

Kamaldine alikuwa anainyanyua projekta juu ya meza iliyoazimwa kanisani. Akasita. “Video bila sauti, mama? Mutoto wake akisema kitu, mzee atasikia wapi?”

“Papa anasikia muzuri. Shida ni macho.”

Hakubisha tena. Mgongo ulikuwa unamuuma. Kutoka Kasongo mpaka kijiji hiki cha Wamaza alikuwa ameikumbatia mashine yake nyuma ya pikipiki, imefungwa ndani ya godoro kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Haikuwa takataka ya kuonyeshea mpira kwenye baa. Ilikuwa projekta ya leza, mwanga wa lumeni elfu kumi, kazi yake kumbi kubwa na mikutano ya watu wengi. Mchana kweupe, penye kivuli kidogo tu, picha yake inang'aa.

Vijana wa sokoni Kasongo walikuwa hawaachi kumcheka. “Angalieni, Kamaldine amenunua tochi ya bei ya nyumba!” Siku moja hasira zikampanda, akawajibu mbele ya watu: “Kwa taa hii, hata kipofu ataona!” Neno likasafiri. Likamfikia Mado, naye akatuma mtu kumwita.

“Leo lazima papa amuone Élysée,” Mado alisema sasa, akilivuta shuka jeupe ukutani. “Ukoo wote umekwisha kufika.”

Kweli walikuwa wamefika, wengine kutoka Kabambare. Walikaa mikekani chini ya turubai la shitingi lililotandwa uani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, vitenge vimefungwa kiunoni. Hakuna aliyetania. Kamaldine aliona kwamba watu wameiheshimu mashine, akaridhika.

Alipozunguka nyuma ya nyumba kuwasha jenereta, aliwakuta wazee wawili wanabishana kwa sauti ya chini.

“Weye ndiye unamufuata kwa kuzaliwa, Gaston. Weye umuambie.”

“Kinywa changu? Hapana!” Gaston, mdogo wa mzee Marcellin, baba yake Mado, alitikisa kichwa. “Macho yake yenyewe yamuambie.”

Kamaldine akaelewa. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba mzee Marcellin anajigonga kwenye milango na bado anaikataa fimbo. Na huku jambo zito halitoki kinywani mwa mdogo kwenda sikioni mwa mkubwa wa ukoo. Basi picha ndiyo iyapime yale macho. Baba akishindwa kumwona mtoto wake kwenye mwanga mkubwa kama huu, atajua mwenyewe kwamba amepofuka, na hakuna kinywa kitakacholaumiwa.

Kwa Kamaldine mwenyewe, mzee asipoona, soko lote la Kasongo litamcheka mpaka azeeke.

Mzee Marcellin alitoka ndani akiusukuma mkono wa binti yake Mado. “Niache! Najua kiti yangu iko wapi.” Kiti kilikuwa kimesogezwa karibu kabisa na shuka. Alikipapasa, akakaa wima.

“Yambo, papa,” Kamaldine alisema.

“Yambo, weye wa shati nyekundu. Ni weye umenileteya Élysée ndani ya sanduku?”

Kamaldine alilitazama shati lake la bluu, akacheka. “Ni mimi, papa.” Nyuma yao mwanamke mmoja alikohoa kama aliyepaliwa.

“Tangu akimbiliye Salamabila kuchimba zahabu, hata yambo hanitumii,” mzee alisema. “Tuligombana. Sasa ametuma picha, anatafuta musamaha. Sawa. Lakini kwanza nione kama amenenepa.”

Kamaldine akachomeka fleshi aliyopewa na Mado, akaupandisha mwanga mpaka mwisho. Feni zikavuma. Kwa kawaida husimama nyuma ya mashine yake kama dereva nyuma ya usukani. Leo alikuja mbele, akachuchumaa kando ya kiti, akalipa shuka mgongo. Picha alikuwa ameziona nyingi. Alitaka kuuona uso.

Mwanga ukamwangukia mzee usoni, kwanza mweupe, kisha wa kijani, kisha mwekundu kama udongo. Macho yake, yenye ukungu, hayakupepesa.

“Papa, unaona?”

Ukoo mzima ulikuwa umeshika pumzi mgongoni mwa mzee.

Mzee akanyoosha shingo. “Naona,” alisema. Halafu kwa nguvu: “Naona! Yule pale! Amenenepa, mutundu huyu!”

“Anafanya nini, papa?”

“Anacheka. Ananipungia mukono.” Mzee akainua wake. “Basi, Élysée, basi! Nimekusamehe!”

Kamaldine aliruka juu. “Mumesikia? Wale wa sokoni wako wapi leo? Waje hapa waniite mwenye tochi!”

Mado alikuwa ameuma pindo la kitenge, machozi yanamchuruzika. Kamaldine aliona ni furaha.

“Mbona munanyamaza?” mzee alifoka. “Mutoto wangu iko mbele yenu! Mumupigiye vigelegele!”

Kamaldine akageuka, aitazame na yeye kazi ya mashine yake. Kwenye shuka, kwa mwanga ulioshindana na jua, vijana wanne wenye matope magotini walikuwa wanateremsha jeneza kwa kamba, na juu ya msalaba jina la Élysée lilisomeka herufi kwa herufi.

Kule mikekani, shangazi mmoja akapiga kigelegele.