Aletwe Mwenye Gari

"Risiti arobaini na moja, zote feki!" Mwuza mbao aliusukuma mrundo wa karatasi mbele ya wakili wake. "Huyu mama nataka alale ndani."

Wakili alimkumbusha kuwa hii ni kesi ya madai, haifungi mtu. Gari la mikate liligongwa, na aliyeligonga ni mwuza mbao. Hapo hapakuwa na ubishi. Kilichobaki ni fidia. Siku zote gari lake lilipokuwa gereji, mwoka mikate alikodi jingine ili wateja wasikose mkate. Akithibitisha, atalipwa. Asipothibitisha, tanuri lake ndilo litakalouzwa kufidia gharama hiyo.

"Basi hatathibitisha," alisema mwuza mbao.

Loo, mwanamume alikuwa na kinyongo! Fidia yenyewe isingemtoa jasho. Kilichomchoma ni kuburutwa mahakamani na mtu anayenuka hamira. Tena siku ya ajali mama huyo alichungulia dirisha la gari la mwuza mbao, akamwona binti aliyekaa pembeni yake, kabla binti hajashuka na kutokomea. Macho ya namna hiyo yalihitaji kufundishwa adabu.

Akafanya upelelezi wake. Kampuni iliyokodisha gari haikuwa na ofisi, ila sanduku la posta tu. Simu yao kila alipoipiga ilikatwa. Sahihi kwenye risiti ilikuwa mkwaruzo wa kuku.

"Safari hii nimemnasa," alimwambia mkewe wakati wa chakula.

Mkewe siku hizi alikuwa mchangamfu ajabu. Vikao vya kikundi chake cha akina mama vilimkubali. Alimwongezea mchuzi. "Usilegeze kamba, baba watoto. Kama huyo mwenye gari yupo kweli, si aletwe aape?"

Ndiyo maana alimpenda mwanamke huyu.

Asubuhi ya kesi, mwoka mikate alimfuata kwenye korido, kitambaa kimelowa jasho mkononi. "Kaka, risiti na mkataba si vinatosha? Mwenye gari tumwache. Nakuomba, kwa faida yako."

"Ahaa, leo unatetemeka! Utakiona cha mtema kuni."

Mbele ya hakimu, wakili alisimama. "Mheshimiwa, mteja wangu anasema kampuni hii ni hewa. Mwenye gari aje na kadi ya gari na vitabu vyake vya risiti. La sivyo, dai la kukodi litupwe."

Mwoka mikate aliinamisha kichwa. Mwuza mbao akakaa mkao wa kula.

"Ameitwa, mheshimiwa. Yuko nje," alisema karani.

Mlango ulifunguliwa. Viatu vilipita katikati ya mabenchi bila haraka. Mwuza mbao alikuwa bado amemwinamia wakili wake, akinong'ona na kucheka chinichini. Kisha ikamfikia sauti ya shahidi akila kiapo, akakatisha kicheko na kuinua kichwa.

"Gari ni lako?" aliuliza hakimu.

"Langu, mheshimiwa. Nililinunua kwa jasho langu. Nilimkodishia huyu mama siku zote arobaini na moja, na vitabu ndivyo hivi."

"Una uhusiano wowote na pande hizi mbili?"

"Huyu mama tulijuana aliponisimulia ile ajali, na nani alikuwa ndani ya gari." Shahidi alinyoosha kidole upande wa pili. "Na yule pale ni mume wangu, mheshimiwa. Kwa leo."