Bonde Lililopakwa Buluu

Kabla ya kutoka ofisini, mchoraji ramani aliangaza macho huku na huku, akafuta tarehe kwenye kona ya picha, akaichapisha na kuitia mkobani.

Kazi yake ilikuwa kulinganisha picha za setilaiti za bonde moja, za miaka ya nyuma na za sasa, na kupaka rangi kila mahali palipobadilika. Palipokuwa msitu pamekuwa shamba; palipokuwa shamba pamekuwa maji. Tangu bwawa lijae, alikuwa amelipaka buluu bonde zima kwa mkono wake mwenyewe. Chini ya buluu hiyo ilikuwamo nyumba alimozaliwa, na ubavuni mwake kaburi la kaka yake.

Baba yake hakuambiwa. Walipohamishwa, watu wa mradi walimhakikishia kwamba maji hayatafika upande wake, naye akalishika neno hilo kama roho yake. Kila mwezi alimwomba bintiye picha mpya. Kila mwezi binti alimletea ile ile ya zamani, ameipunguza huku, ameikoleza rangi kule.

Jioni hiyo mzee alivaa miwani, akaitandaza picha mezani, akaipitishia kidole polepole.

"Paa bado lipo?"

"Lipo, baba."

"Na pale kwa kaka yako?"

"Pametulia. Nyasi tu zimeota."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Kisha akamtania mkewe kwamba hiyo setilaiti ina macho kumshinda yeye, ambaye jana tu alitia chumvi kwenye chai. Wakacheka. Binti naye akacheka. Alishukuru jambo moja: baba hakuwahi kuomba apelekwe akajionee.

Mama alimsindikiza hadi nje. Walipofika ngazini, binti alishindwa kujizuia. Akamweleza yote huku akilia: kwamba bonde zima ni maji, kwamba mwaka mzima amekuwa akimdanganya baba, na sasa hajui aanzie wapi kumwambia.

Mama alimfuta machozi kwa kiganja, akageuka kuhakikisha mlango umefungwa.

"Usimwambie kitu," alisema. "Baba yako alikwenda huko mwaka jana, akakaa ukingoni mwa maji kutwa nzima. Ila siku ukimletea picha, usiku huo hulala."