Nyayo Vizingitini

Sanduku lililosubiriwa tangu masika lilifika asubuhi. Hidaya, aliyekuwa akiwaunganishia miguu bandia watu waliokatwa miguu na mabomu ya ardhini, alilifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na nyayo za mpira tu, za rangi ya kahawia, kucha zimechongwa moja moja. Magoti ya chuma hayakuwemo.

"Yamezuiliwa mpakani," dereva aliyelileta sanduku alimwambia. "Si tumewekewa vikwazo? Chuma cha aina ile hakiruhusiwi kuingia huku. Wanasema kinaweza kutengenezewa silaha."

Nje ya kliniki watu walijaa kwenye mabenchi, magongo yao yameegemezwa ukutani. Hidaya aliwaeleza. Hakuna aliyelalamika. Bi Sikudhani, aliyekaa mbele kabisa, alinyoosha mkono.

"Nipe unyayo wangu, mwanangu."

"Mama, huwezi kuuvaa bila goti. Utaufanyia nini?"

"Nipe tu."

Akaubana kifuani kama mtoto aliyelala, akajikongoja kurudi kwake. Wengine nao wakaomba, na Hidaya hakuwa na moyo wa kuwanyima.

Kesho yake, akienda kazini, aliziona zile nyayo. Kila aliyepewa unyayo alikuwa ameuweka kizingitini, vidole vikielekea barabara ya mpakani, yalikozuiliwa magoti. Barabara nzima ilikuwa kimya. Hidaya aliharakisha mwendo mpaka alipofika kwa Bi Sikudhani. Mlango ulikuwa wazi na gongo lilikuwa limelala sakafuni. Aliita, akachungulia ndani; Bi Sikudhani hakuwemo. Pale kizingitini, unyayo wa mpira ulikuwa umejaa matope mabichi hadi kisiginoni, kana kwamba umetembea usiku kucha.