Namba Ishirini Hataki Kuingia

Kumi na tisa walikuwa wameketi. Namba ishirini alikuwa nje, nyuma ya rundo la vyungu, na kuingia hataki.

Mwalimu Tusajigwe alimwona kwa macho yake alipofika asubuhi ile, kashuka kwenye mtumbwi na mtoto mgongoni, anacheka. Alifika mpaka mlangoni kabisa. Kule ndani mgeni akakohoa, kikohozi chake kile cha mara tatu, na binti akageuka mbio. Sasa kajikunyata nyuma ya vyungu vya akina mama wa Lyulilo kama mwizi wa kuku.

Mgeni mwenyewe, Mzee Reubeni, mhakiki wa mradi kutoka Kyela mjini, alikuwa mezani akitafuna karanga. Alizitoa moja moja kwenye mfuko wa kushoto wa koti lake.

"Ishirini niwaone kwa macho," alisema. "Saa saba nafunga daftari. Wakipungua, darasa limekufa, na simu zinarudi zilikotoka."

Hakuwa anatania. Wasichana hawa waliacha shule kwa mimba, wakatawanyika: Njisi, Matema, mjini. Miaka miwili Tusajigwe alikuwa akiwatumia masomo kwa simu, nao wanamrudishia majibu kwa sauti, huyu anasonga ugali, yule anapalilia mpunga. Mtihani ulibaki mwezi mmoja. Darasa likifungwa leo, wote wanarudi jikoni, na safari hii moja kwa moja.

Lucy, namba saba, naye nusura awatie matatani kwa kuchelewa. Njiani alikutana na baba mkwe wake, akajitosa kwenye mpunga mpaka mzee apite, kama desturi inavyotaka. Aliingia na tope hadi magotini, darasa zima likaangua kicheko. Mzee Reubeni hakucheka.

"Huyo kafunzwa kwao," alisema, akamwekea alama ya vema.

Saa sita na nusu simu ya Tusajigwe ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Rut, namba ishirini: *Mwalimu nisamehe. Siwezi kuingia huyo mzee akiwa humo. Usiniulize.*

Akapiga. Simu imezimwa.

Wasichana wengine wote walikuwa wamemweleza ya kwao, nani kawapa mimba, nani kawakana. Rut peke yake hakutaja mtu. "Nipo kwa watu, mwalimu," ndilo lilikuwa jibu lake kila siku. Na majibu yake aliyanong'ona, nyuma yake yanasikika majani ya migomba, kama mtu anayejificha. Anamkimbia nani?

Tusajigwe alimtazama yule mzee na tai yake, na karanga zake.

"Mzee, huyu Rut unamfahamu?"

"Rut gani? Simjui."

Akamwekea sauti ya binti kwenye simu. Mzee alisikiliza kidogo tu, akapunga mkono. "Sauti hii sijapata kuisikia tangu nizaliwe. Nitajuaje kama hukumtuma mtu akusomee?"

Mwongo mkubwa, aliwaza Tusajigwe. Lakini akajikaza, akasema kwa adabu, "Basi toka nje kidogo, mzee wangu. Ukitoka ataingia."

"Nikitoka nitahakiki nini? Ukuta?" Mzee alitazama saa yake. "Mwalimu, mtu mwenye haki hakimbii."

Lucy alianza kulia, chozi moja moja, anajifuta na mkono wenye tope. Tusajigwe alitoka hadi kwenye vyungu, akabembeleza, akakaripia, akabembeleza tena. Rut alitikisa kichwa tu, uso ameufunika kwa kanga. Mwalimu akarudi mikono mitupu.

Saa saba kamili. Mzee Reubeni akafungua kalamu, akaishusha kwenye mstari wa ishirini ili aukate.

Hapo ndipo mtoto alipoingia. Kamponyoka mama yake, miaka miwili hivi, miguu peku. Hakumtazama mwalimu wala yeyote. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mzee, akatumbukiza mkono kwenye mfuko wa kushoto wa koti, akatoa karanga, akajikalia miguuni pake kuzila.

Kalamu ikabaki hewani.

Tusajigwe alimtazama mtoto, akamtazama mzee. Paji la uso lile lile! Masikio yale yale! Mungu wangu. Hasira zilimpanda, darasa akalisahau, mradi akausahau.

"Mzee Reubeni," alisema, "huyu mtoto ni wa nani?"

Mzee alitazama mlango, akatazama simu pale mezani.

"Iweke tena ile sauti," alisema.

Rut akasikika akinong'ona jinsi ya kupata ujazo wa chungu, hatua kwa hatua, mpaka jibu. Safari hii mzee alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha. Kisha akaweka alama ya vema kwenye mstari wa ishirini, akafunga daftari, akavaa kofia. Hakuelekea mlangoni. Alikwenda kwenye dirisha la nyuma, akapandisha mguu mmoja juu ya kizingiti, mzee mzima na tai yake.

"Unakimbia?" Tusajigwe alifoka. "Mlango si ule pale!"

"Nampisha," alisema Mzee Reubeni, akikohoa mara tatu. "Mwambie mama wa huyo Mercy aingie, mimi nimeshatoka. Miaka mitatu ananipikia kwangu, na leo ndiyo kwanza namsikia mke wa mwanangu akisema."