Trela Yenye Shuka

Jasper alisikia tone la kwanza likigonga sinki. Trela yake ya kupigia kambi porini, waliyoiunda na babake kwenye karakana yao hapo Suneka, ilikuwa inavuja.

"Baba! Leta gundi ya kuziba!"

Mzee alikuja mbio mvuani. Alipokanyaga ngazi ya mlangoni aliliona godoro jipya, na mke wa Jasper akilitandika shuka. Akarudisha mguu chini.

"Ingia basi, Baba."

"Jana ningeingia. Leo imekuwa nyumba yako na mkeo. Kwa mila yetu, baba haingii mahali mwanawe analala na mkewe. Mimi babako naingiaje?"

"Lakini hii ni gari!"

"Gari gani iko na shuka?"

Maji yalimtiririka kutoka kofiani hadi kwenye mkebe wa gundi. Mikono iliyoushika ndiyo iliyochomelea kila chuma cha trela hiyo.

Jasper alimgeukia mkewe, akamkuta ameshashika ncha moja ya godoro. Naye akashika nyingine. Wakalisukuma nje, likaangukia topeni pamoja na shuka lake jeupe.

Mzee alilizunguka kwa mbali, akafuta viatu, akaingia.